Chokleti "haina sukari" lakini sukari ya mama imepanda, imekaaje hii?

binti_wa_mama: Habari zenu wapendwa, naombeni msaada. Mama yangu ana kisukari aina ya pili na vitu vitamu anavipenda mno, jana nikamletea chokleti ya gramu 100 imeandikwa kwa herufi kubwa haina sukari, akaimaliza yote huku anatabasamu. Kabla sukari yake ilikuwa 8.1 mmol/L, baada ya masaa mawili tunapima tunakuta 12.6, na tumbo likamwendesha mpaka alfajiri. Nyuma ya paketi kuna kitu kinaitwa maltitoli, E965. Ina maana wametudanganya?

miaka_tisa_na_kisukari: Pole sana, mpe pole na mama. Hawajadanganya, ila hilo neno "haina sukari" linazungumzia sukari tu, wanga haliugusi. Maltitoli ni jamii ya polioli, yaani vitamu vinavyowekwa badala ya sukari, tamu karibu kama sukari, nguvu yake kama nusu ya sukari, na sehemu yake inaingia kwenye damu kabisa. Ile isiyofyonzwa inashuka utumbo mpana, inavuta maji, bakteria wanaichachusha, ndo hiyo gesi na kuharisha. Sorbitoli (E420) nayo inasumbua tumbo hivyohivyo. Erithritoli (E968) ni tofauti, nyingi inatoka na mkojo na sukari haipandi kwa kweli. Stevia (E960) na sukralozi (E955) hazipandishi pia, ila kwa kuwa ni tamu mara mamia kuliko sukari zinawekwa chembe tu, sasa ile nafasi iliyobaki kwenye biskuti imejazwa nini? Unga. Kwahiyo mimi naanza na mstari wa wanga wote, halafu naangalia ni kiasi gani nakula, vipande viwili vitatu, napima. Usimnyime mama jamani, mpunguzie tu.

muuguzi_zamu: Naongezea kitu kimoja naomba mkizingatie. Kama mama anachoma insulini au anameza vidonge kama glibenklamidi, sukari inaweza kushuka chini ya 4, anatetemeka, jasho jembamba, anachanganyikiwa. Hapo pipi zisizo na sukari HAZIMSAIDII, anahitaji sukari yenyewe gramu 15 hivi, glukozi au soda ya kawaida, asubiri dakika 15 apime tena. Nimeshapokea mgonjwa kalambishwa pipi hizo na watu wake wakidhani wanamwokoa.

binti_wa_mama: Asanteni mno. Nimeisoma paketi upya, wanga gramu 55 na kati ya hizo 40 ni polioli, na alikula yote peke yake 😔 Dada muuguzi umenishtua, mama anachoma insulini usiku na kwenye mkoba wake ana pipi za akiba za kujisaidia ikishuka, nimeenda kuzikagua sasa hivi nikakuta zote ni zile zisizo na sukari, mimi mwenyewe ndo nilimnunulia. Nimezitoa, nimemwekea glukozi.