Draiva inagoma kukompaili baada ya kuapdeti kerneli: too many arguments to function 'class_create'

Swali
Wakuu habari, naombeni msaada. Nina draiva ya kadi moja ya zamani, aliyeiandika alishaiacha kitambo, kwenye kerneli (kiini cha Linux) 6.1 ilikuwa inakompaili fresh tu ila tangu nimehamia 6.8 make inagoma inatema hivi:

`error: passing argument 1 of 'class_create' from incompatible pointer type`
`error: too many arguments to function 'class_create'`

Mstari wenyewe ni `cls = class_create(THIS_MODULE, "kadi");`. Heda (faili za kerneli zinazotumika kukompaili draiva) ni za kerneli hii hii, nimelinganisha na uname -r (inayoonyesha toleo la kerneli). Nikirudi 6.1 inakubali. Au ndo niachane nayo?

Jibu
Usiachane nayo mkuu, hizo erori mbili ni tatizo moja. Kuanzia 6.4 (mwaka 2023) class_create (fanksheni ya kerneli inayounda kundi la vifaa) inapokea jina tu, THIS_MODULE imeondolewa maana ilikuwa haifanyi kazi yoyote ya maana pale. Ila usiifute hivi hivi, kama unatumia DKMS (programu inayokompaili draiva upya kerneli zinapobadilika) inakompaili kwa kila kerneli uliyonayo na ile ya 6.1 itagoma. Weka `#include <linux/version.h>` halafu:

```
#if LINUX_VERSION_CODE >= KERNEL_VERSION(6,4,0)
cls = class_create("kadi");
#else
cls = class_create(THIS_MODULE, "kadi");
#endif
```

Jibu
Hapo juu yuko sahihi ila angalizo, kuna distro (aina za Linux) zinachukua mabadiliko ya kerneli mpya zinayarudisha kwenye ya zamani, namba ya kerneli inasoma 5 kumbe ndani class_create ni ya kisasa, hapo hiyo #if inakudanganya. Fungua include/linux/device/class.h kwenye heda zako usome ilivyoandikwa, hiyo haidanganyi.

Muuliza swali
Asanteni sana, hiyo imepita! Sasa imehamia chini kidogo, kwenye `cls->devnode = kadi_devnode;` inasema incompatible pointer type tena. Nimeona mahali wanasema uzime hiyo waning kwenye Makefile, nizime?

Jibu
Usizime aisee, kwenye kerneli kompaila ikilalamika kuhusu pointa msikilize, ukimziba mdomo utakuja kulia mashine ikiganda. Tangu 6.2 devnode (fanksheni inayopanga jina na ruhusa za faili la kifaa kwenye /dev) inataka `const struct device *dev`, wewe fanksheni yako bado ina `struct device *dev` bila const. Ongeza const, nayo izungushie #if yake ya 6.2, usiichanganye na ile ya 6.4. Na kama humo ndani kuna sehemu inabadilisha kitu kwenye dev kompaila atakuonyesha, nyingi zinaweka mode (ruhusa za faili) tu kwa hiyo sidhani.

Muuliza swali
Imekompaili!! Ila modprobe (amri ya kupakia draiva) inasema Key was rejected by service 😩

Jibu
Hiyo sio kodi tena, ni Secure Boot (ulinzi wa mashine unaokataa kodi isiyo na sahihi inayoaminika), moduli yako (draiva uliyokompaili) haina sahihi inayotambulika. Tengeneza ufunguo, usajili kwa `mokutil --import`, riboot ukubali kwenye skrini ya bluu itakayotokea mashine inapowaka, kisha saini moduli kwa ufunguo huo huo. Ukitumia DKMS matoleo mapya inasaini yenyewe, wewe unabaki na kusajili tu.