Mrejesho: My Love from the Star nimeimaliza

Wadau, niliuliza kama niendelee na tamthilia ya Kikorea My Love from the Star, maana sehemu za mwanzo niliona staa wa filamu akigombana na jirani yake tu. Mlisema niendelee. Nimemaliza zote 21, asanteni sana.

Kilichonishika ni huyo jirani, Do Min-joon, kiumbe kutoka sayari nyingine, alivyojengwa. Katua Korea mwaka 1609, enzi za Joseon, kaishi miaka 400 bila kuzeeka, na sasa imebaki miezi mitatu arudi kwao. Anasimamisha muda, lakini akimbusu Cheon Song-yi, yule staa, anaugua homa kali. Yaani nguvu zote zile, halafu busu moja linamlaza kitandani! Tamthilia nyingi humpa shujaa uwezo bila kumdai chochote. Hii inamdai.

Ila aliyeibeba ni Jun Ji-hyun, anayeigiza Song-yi. Anavyotamani kuku wa kukaanga na bia theluji ya kwanza ikianguka, unaamini kabisa. Na adui wao, Lee Jae-kyung, anatisha kwa utulivu wake, akipapasa pete kidoleni huku anapanga kuua. Katikati wamevuta mno, hasa upande wa Hwi-kyung, rafiki wa Song-yi tangu shule.

Kwa aliyeniuliza kuhusu mwisho (usiyemaliza, ruka hapa): Min-joon anatoweka na kurudi bila taarifa, na kila akirudi anakaa muda mrefu zaidi. Mimi nimeridhika. Wangemrudisha moja kwa moja, ile gharama yote ingekuwa bure.

Sasa naanza tamthilia nyingine ya Kikorea, I'm Not a Robot.