Naomba ushauri: kibanda cha kuchemshia utomvu wa mepo

Wakuu, salaam. Niko Vermont, Marekani. Machi iliyopita nilitoboa miti sita ya mepo (maple, miti ambayo utomvu wake huchemshwa hadi kuwa shira, yaani sharubati nzito tamu) nyuma ya nyumba, nikachemsha utomvu nje juu ya mafiga ya matofali. Upepo ulimaliza kuni, theluji ikaingia sufuriani, na lita 40 zikanipa shira lita moja tu (hesabu ndiyo hiyo, silalamiki).

Sasa nataka kibanda: nguzo nne, mabati, pande mbili wazi. Kinachonitisha ni mvuke. Jikoni mke wangu alishanipiga marufuku, kuta zililowa chapachapa. Je, niache uwazi katikati ya paa, au kuinua bati upande mmoja kunatosha? Na bomba la moshi lipite wapi lisiunguze mbao? Aliyewahi kujenga anisaidie kabla ya Februari.