Vikundi kwa watoto 87: wenzangu mwafanyaje?

Mwl_Ngamiani: Wadau, nafundisha darasa la tatu hapa Tanga mjini. Mtaala huu ulioanza Januari 2024 wataka mtoto atende, si kunakili ubaoni tu. Sina ugomvi nao. Shida yangu watoto 87, madawati 26. Jana Hisabati, kuzidisha: nikawagawa vikundi 11, kila kimoja vizibo 30 vya soda. Dakika tano hazijesha, kila kikundi kina fundi wake anapanga, wengine saba wanamtazama kama watu walozunguka bao. Wa nyuma wakaanza kurushiana vizibo. Kengele imelia sijazunguka nusu ya darasa, na kwenye andalio la somo nimeandika "wanafunzi wote wameshiriki". Mungu anisamehe.

Mwl_Bagamoyo: Mwalimu mwenzangu, wanane ni wengi. Vikundi viache 11 hivyohivyo, ila weka wanne wanne: nusu ya darasa watende, nusu wafanye zoezi kwenye daftari, kisha wapokezane. Na kila mtoto apewe kazi. Mmoja apange, mmoja ahesabu kwa sauti, mmoja aandike, wa nne awe mpinzani: kazi yake kusema "si kweli, rudia". Kwangu wanaugombea huo upinzani!

MamaVibua: Mie mzazi, nauza samaki soko la Deep Sea. Mwanangu jedwali la tano lampiga chenga, lakini Jumamosi ananipangia mafungu ya vibua vitano vitano na hela hakosei. Mwulizeni kwa vibua. Ila walimu, hizo karatasi za manila na maboksi ya vifaa vya somo msituagize usiku, duka limeshafungwa.

Mstaafu_Pangani: Wanangu, sisi tulipewa Elimu ya Kujitegemea, 1967. Tulilima, tulifuga kuku. Mayai tukayauza, lakini hesabu ya mayai hatukuiingiza darasani hata siku moja. Shamba huku, ubao kule. Huyo mama wa vibua msikilizeni.

Mwl_Ngamiani: Shikamoo mwalimu. Leo nimejaribu wanne wanne. Kuna binti sijaisikia sauti yake tangu shule ifunguliwe, nikampa upinzani. Akamwambia fundi, "Si ishirini na nne, umeruka fungu." Kumbe yeye ndiye aliyekosea, lakini wamehesabu upya mara tatu, wanabishana kama wako kijiweni. Kengele ikanikuta tena, nusu ya pili hawajagusa kizibo. Watafanya Jumatatu. Mama, vibua darasani hapana, paka wa shule watanimaliza. Ntawaambia kokoto ndo vibua.