Nguzo za nyumba ya udongo zimeliwa na mchwa, nibomoe au kuna namna?

Mwana Pangani
Wakuu habari zenu. Nyumba ya bibi huku Pangani ni ya miti na udongo, juu bati, nje ilipigwa plasta ya simenti. Juzi plasta imedondoka upande wa bafuni ndo tukaona nguzo mbili huku chini zimebaki ganda tu, ukibonyeza kidole kinazama, ndani udongo wa mchwa mtupu, fito nazo zimekatika. Fundi mmoja kasema bomoa ujenge tofali, na hela hiyo saivi sina. Mwingine kasema paka oili chafu ukandike yaishe. Bibi mwenyewe hataki kusikia habari ya kuhama. Nifanyeje?

fundi mwamba
Usibomoe. Chukua bisibisi pitia nguzo zote, choma choma kuanzia usawa wa ardhi mpaka magotini, mchwa huyo anapandia chini kwahiyo juu mara nyingi mti unakuwa mzima. Inapozama piga chaki. Kabla hujagusa nguzo yoyote tegemeza mwamba, ule mti wa juu ya nguzo unaobeba paa, kwa mirunda kushoto na kulia, chini weka ubao isizame, juu gonga kabari mpaka ikaze. Hapo ndo unabandua udongo wa sehemu hiyo tu, unakata nguzo pale mti mzima unapoanzia, kipande kipya unakipishanisha na cha zamani kama futi mbili unafunga bolti. Chini mwaga zege ipande juu ya ardhi kama shubiri, mti ukae juu ya zege usiguse udongo. Acha ikomae wiki ndo utoe mirunda uhamie nguzo nyingine. Wanaofungua ukuta mzima kwa mpigo ndo hao bati linawalalia.

Binti Muheza
Oili chafu achana nayo, itawanukia ndani humo na haizami kwenye mti, mchwa anajenga kijia chake juu yake anapita zake. Duka la pembejeo ulizia dawa yenye fipronil au imidacloprid, chimba mfereji kufuata ukuta, changanya kama lebo inavyosema, mwaga, na ule udongo wa kufukia nao uuloweshe. Hizo mchwa hashtuki, anapita nazo anawapelekea wenzake. Ila kama kisima kiko jirani usithubutu, na kuku fungia.

mzee wa kombamoyo
Mnakimbilia dawa, hamjasoma kasema upande wa BAFUNI? Maji yanapopotelea hapo ndo yanawaita, toa maji yaende mbali na ukuta kwanza, na kama kuna kuni zimeegemezwa ukutani hamisha. Ile plasta ya simenti nayo ilikuwa inawaficha, ukikandika tena acha chini wazi uwe unaona vijia vikianza. Miti usikate mikoko kienyeji, bila kibali cha TFS, wale wakala wa misitu, utalia. Tafuta mbao au mirunda iliyopigwa dawa, na pale ulipokata paka dawa upya maana katikati haikufika.

Mwana Pangani
Shukrani wakuu. Maji ya bafuni kweli yanatuama hapohapo, kesho naanza na mfereji. Kisima kipo nyuma ya jiko kwahiyo dawa ya kumwaga naiacha. Fundi mwamba, nguzo ya kona nayo imezama bisibisi, naanza nayo au naiweka mwisho?

fundi mwamba
Mwisho. Na kona tegemeza pande zote mbili, mwamba unaunganika hapo.