Corolla 110: redio mpya inasahau stesheni, inavuma, na kebo ya antena inapata joto

Mdau_Shangani
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, gari ni Corolla 110 ya 1998, niko Mtwara. Redio iliyokuja nayo kutoka Japani inaishia 90 MHz, stesheni nyingi za hapa haishiki. Nikanunua nyingine ya DIN mbili (saizi ile pana yenye kimo mara mbili), yenye bluetooth na USB. Fundi alikata soketi za gari akaunga waya mmoja mmoja kwa kufuata rangi, mweusi kwa mweusi. Redio ikagoma kuwaka. Akachukua wa njano na mwekundu wa redio, akausokota wote pamoja kwenye waya wa kijivu wa gari, ikawaka. Lakini:

Nikizima gari inasahau saa na stesheni zote. Spika ya nyuma kushoto haitoi sauti, zilizobaki zinalia. Injini ikiwaka kuna mluzi unaopanda kadiri ninavyokanyaga mafuta. Na nikiongeza sauti, kebo ya antena nyuma ya redio inapata joto.

Waya wa kijani wa redio, na ule wa kijani wenye mstari mweusi, amezifunga tepu tu. Nibadilishe redio?

Waya_Moja_Lindi
Usibadilishe, redio ni nzima. Hilo joto la antena ndilo linaeleza kila kitu. Ganda la nje la kebo ya antena limeshikana na bodi ya gari, na ndani ya redio limeshikana na hasi. Redio yako haina hasi nyingine, kwa hiyo umeme wote unarudi kwenye bodi kupitia ganda hilo jembamba. Ndiyo maana linapata joto, na mluzi wa altaneta (jenereta inayochaji betri) unapita humo humo.

Kosa ni kufuata rangi. Rangi za redio za dukani si rangi za Toyota. Kwenye Toyota za miaka hiyo, waya mweusi si bodi (hasi), ni chanya ya spika ya nyuma kushoto. Njano yake ni hasi ya spika hiyo hiyo. Bodi ni kahawia. Betri ya moja kwa moja ni bluu wenye mstari wa njano. Kijivu ni ACC, yaani umeme unaokuja tu ukifungua ufunguo.

Kwa hiyo kwenye redio yako:
njano → bluu mstari wa njano
mwekundu → kijivu
mweusi → kahawia
kijani → mweusi wa gari
kijani mstari mweusi → njano wa gari

Njano ya redio ndiyo inayoilisha na kutunza kumbukumbu, nyekundu ni ya kuiambia tu kwamba swichi imefunguliwa. Zikiwa pamoja kwenye ACC, kila ukichomoa ufunguo redio inakufa kabisa. Kuna wanaogeuza, wanazipeleka zote mbili betri ya moja kwa moja. Hapo redio hailali. Ikinyonya hata nusu ampea, kwa saa 48 ni ampea-saa 24, zaidi ya nusu ya betri ya ampea-saa 40.

Korosho_Ghafi
Naongeza kuhusu huo wa kijani, mshukuru Mungu kwamba ulifungwa tepu. Kwenye gari, kijani ni waya wa mwanga wa dashibodi. Ungeungwa na kijani cha redio, ambacho ni chanya ya spika, usiku ukiwasha taa volti 12 zingeingia kwenye mdomo wa spika na kuua IC (chipu ya kukuza sauti) ya redio. Kijani cha gari kinaenda kwenye waya wa chungwa wa redio. Kama redio haina wa chungwa, kifunge tepu.

Mikindani_Garage
Swali kwa wakuu. Magari ya zamani zaidi spika zilikuwa zinatumia hasi moja kwenye bodi. Hawezi kufanya hivyo ya nyuma kushoto, akabaki na waya mmoja?

Waya_Moja_Lindi
Hapana kabisa. Redio za sasa zinasukuma spika kwa pande zote mbili, kila waya una karibu nusu ya volti za betri hata muziki ukiwa kimya. Ukigusisha mmoja kwenye bodi, redio inajizima kujikinga, au inaungua. Gari la namna hiyo livutiwe nyaya mpya, mbili kwa kila spika.

Mdau, kabla ya kuunga chomoa hasi ya betri, tenga nyaya, kisha rudisha na upime kwa testa. Bluu mstari wa njano isome volti 12 na kitu hata ufunguo ukiwa mfukoni. Kijivu isome 0, ipande ukifungua ACC. Kahawia pima kwa ohm hadi kwenye bati tupu la bodi, iwe karibu na 0. Spika pima mweusi na njano wa gari, ohm 3 hadi 4 ni salama. Ukitaka kuiona kwa macho, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kidogo tu: chanya ikiwa kwenye mweusi, karatasi ya spika inaruka kwenda nje.

Mdau_Shangani
Nimepima. Kijivu 0, ACC 12.3. Kahawia 0.2. Spika 3.6, na imetoa mkwaruzo. Bluu mstari wa njano haina kitu.

Korosho_Ghafi
Taa ya ndani ya paa inawaka? Mara nyingi zinatumia fyuzi moja, iliyoandikwa DOME.

Mdau_Shangani
Haiwaki! Fyuzi ya DOME imekatika. Nimeweka mpya ya ampea ile ile, sasa 12.5.

Mikindani_Garage
Basi unga. Ila usisokote na kufunga tepu tu. Hewa yetu ya chumvi inageuza shaba kuwa kijani ndani ya muda mfupi, na tepu kwenye joto la dashibodi inayeyusha gundi na kuachia. Lehemu kwa risasi, kisha vika kila kiungo mpira unaosinyaa kwa joto. Uvishe kwenye waya kabla ya kulehemu, wengi wanasahau. Pishanisha viungo, kimoja juu kidogo kingine chini, visikae usawa mmoja. Halafu funga mkanda wa plastiki usichezecheze, barabara za vumbi msimu wa korosho zinatikisa kweli.

Pembeni utaona nafasi ya kama milimita 10 kila upande, kwa sababu tundu la Toyota lina 200 na redio ina 180. Vipo vipande vya plastiki vya kuziba.

Mdau_Shangani
Nimemaliza. Nimezima gari saa nzima, stesheni zipo. Spika zote nne zinalia, kebo ya antena ni baridi. Mluzi umebaki kwa mbali sana, nikitumia simu kwa waya wa AUX huku inachaji.

Waya_Moja_Lindi
Huo ni wa chaja ya simu. Chomoa chaja usikilize, au tumia bluetooth.

Mdau_Shangani
Nimechomoa, kimya.