Mada: Aliyejifunza programu mwenyewe na mwenye shahada: kila mmoja ajitayarishe vipi kabla ya kutoka Unguja au Pemba

Kutoka: Mwenzenu wa Chake Chake, Manchester

Assalaam alaykum ndugu zangu,

Suala hili linarudi kila baada ya miezi michache, na safari hii naomba tulijibu kwa kina ili anayekuja nyuma alikute. Wapo vijana kwetu wanaojifunza kuandika programu kwa simu na laptopu ya kuazima, bila ya chuo. Wapo wanaotoka SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), chuo cha Karume pale Mbweni, Zanzibar University, na sasa IIT Madras ya Bweleo iliyoanza kusomesha 2023. Wote wanauliza: huku nje anatakiwa nani? Kila mwenye kujua aandike ya nchi aliyopo, na wa fani waseme ya kazini: huyu ana pengo gani na yule ana pengo gani.

Kutoka: Ami wa Wete, Berlin

Waalaykum salaam mwanangu,

Vijana huchanganya mambo mawili. Mwajiri anatazama unachoweza kufanya. Ofisi ya uhamiaji inatazama karatasi. Wanaosema mtandaoni kwamba shahada haina maana kwenye programu mara nyingi wamezaliwa na pasipoti ya nchi wanayofanyia kazi, na msikilizaji wao wa Micheweni hana pasipoti hiyo. Bill Gates aliiacha Harvard 1975, lakini hakuwa na viza ya kuomba. Linus Torvalds, Mfini aliyeanza Linux 1991 akiwa bado mwanafunzi, alimaliza shahada ya uzamili Helsinki kabla ya kuhamia Marekani 1997.

Ujerumani imefungua mlango hapa. Tangu Novemba 2023 Kadi ya Bluu, kibali cha ukaazi na kazi kwa wataalamu, hupewa pia mtu wa kompyuta asiye na shahada. Masharti: uzoefu usiopungua miaka 3 ndani ya miaka 7 iliyopita, uwe wa kiwango cha kazi anayofanya msomi wa chuo kikuu, awepo mwajiri mwenye mkataba, na mshahara ufike kima. Mwaka 2025 kima kilikuwa euro 43,759.80 kwa mwaka kabla ya makato. Hubadilishwa kila Januari, kwa hiyo mkataba uliosainiwa Disemba uangaliwe tena kabla ya maombi kuingia.

Linalowaangusha wengi ni ushahidi wa hiyo miaka 3. Barua ya mistari mitatu isemayo fulani "alikuwa mfanyakazi wetu hodari wa IT" haithibitishi kitu. Barua iwe na kichwa cha kampuni, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa za kazi kwa wiki, cheo, na kazi zenyewe: aliandika sehemu gani ya mfumo, kwa lugha gani ya programu, alitumia kanzidata (database) gani, nani alikuwa chini yake. Aliyeajiriwa Zanzibar achukue pia taarifa ya michango yake ya mfuko wa hifadhi ya jamii, ZSSF, maana inaonyesha miezi aliyolipiwa. Aliyefanya kazi za kujitegemea aweke mikataba, ankara, na taarifa ya benki ambayo fedha zake zinalingana na ankara hizo. Aanze kuhifadhi leo. Kampuni ndogo hufungwa, na ikishafungwa hakuna wa kutia saini.

Mwenye shahada aangalie chuo chake kwenye anabin, orodha ya Ujerumani ya mtandaoni ya vyuo na shahada za nje. Chuo kikiwa na alama H+ (maana yake kinatambuliwa) na shahada yake ikawa imeorodheshwa kuwa inalingana na ya Ujerumani, achapishe kurasa zote mbili azipeleke na maombi. Isipoorodheshwa, anaomba upimaji wa ZAB, ofisi ya Ujerumani inayopima shahada za nje, ambao ada yake ni euro 208. Chuo kutambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ni hatua ya kwanza tu. Hakumaanishi kwamba shahada yenyewe imo ndani ya anabin.

Kutoka: Dada wa Mkoani, Leicester

Uingereza kwa ufupi. Viza ya Skilled Worker, yaani ya mfanyakazi mwenye ujuzi, haimuulizi mwombaji shahada. Inauliza kazi: iwe kwenye kundi linalokubaliwa (waandishi wa programu wapo namba 2134), mwajiri awe na leseni ya kudhamini, na mshahara, tangu 22 Julai 2025, kwa kawaida usipungue pauni 41,700 au kima cha fani hiyo, chochote kilicho kikubwa zaidi. Kwa anayeanza kazi hapo ndipo pagumu. Orodha ya waajiri wenye leseni imewekwa wazi na serikali. Jina la kampuni litafutwe humo kabla ya kuandika barua hata moja.

Mliokwisha kuwa na ukaazi hapa, Open University inatoa shahada ya kompyuta kwa masomo ya mbali: pointi 360, na ukichukua 60 kwa mwaka ni miaka 6. Miaka 6 ni mingi, nakubali. Lakini itapita tu, usome usisome.

Kutoka: Kaka wa Malindi, Toronto

Kanada karatasi ina bei inayohesabika. Kwenye Express Entry, mfumo wao wa kuchagua wahamiaji kwa pointi, mtu asiye na mwenza mwenye cheti cha sekondari tu anapata pointi 30 za elimu. Mwenye shahada ya kwanza anapata 120. Tofauti ya 90 haizibwi na uhodari wa JavaScript. Shahada lazima ipimwe na taasisi kama WES, na nakala ya matokeo inatakiwa itoke chuoni moja kwa moja. Ukiifungua bahasha wewe, imeharibika. Ripoti inatumika kwa miaka 5. Na jihadharini na neno "engineer" kwenye wasifu wenu: ni cheo kinacholindwa na sheria za majimbo, isipokuwa Alberta ambako tangu 2023 watu wa programu wameruhusiwa kulitumia.

Jirani zetu Marekani, H-1B, viza yao ya kazi za kitaalamu, inataka shahada au kinacholingana nayo. Kanuni yao ni miaka 3 ya kazi ya fani kwa kila mwaka 1 wa chuo uliokosekana, yaani miaka 12 kwa asiye na chuo kabisa. Tena tangu Septemba 2025 maombi mapya ya watu walio nje ya nchi hiyo yamewekewa malipo ya dola 100,000. Kijana wa miaka 22 aliye Jang'ombe asijenge mipango yake juu ya viza hii.

Kutoka: Mwenzenu wa Makunduchi, Malmö

Ya viza yameshasemwa. Nachukua ya kazini.

Aliyejifunza mwenyewe huwa mwepesi wa kutoa kitu kinachoonekana. Pengo lake liko chini ya kile kinachoonekana. Chukueni fomu ya wateja yenye sehemu ya kujaza mtaa. Ndani ya programu, maneno ya mteja yanaunganishwa na amri, na kanzidata inapokea hivi:

SELECT * FROM wateja WHERE mtaa = 'Ng'ambo'

Kwa Shangani na Malindi inafanya kazi mwezi mzima. Akija mteja wa Ng'ambo, seva inatoa kosa, kwa sababu kanzidata inaona neno limeishia kwenye Ng, na hiyo ambo iliyobaki haijui ifanye nayo nini. Tiba ya haraka inayoonekana kwenye mifumo mingi ni kuifuta alama na kuandika Ngambo. Hapo jina la mtaa limeharibiwa na tundu limebaki wazi, maana panapovunjika kwa alama hiyo ndipo anapoingilia mwizi: anaandika amri yake ndani ya kisanduku cha mtaa na kanzidata inamtii. Tiba ya kweli ni kutounganisha kabisa maneno ya mtumiaji na amri. Kwenye kanzidata ya PostgreSQL unaandika WHERE mtaa = $1, kwenye SQLite na MySQL unaweka alama ya kuuliza, na thamani unaipeleka pembeni.

Lipo na la pili lililojificha hapohapo. Baadhi ya simu huigeuza alama iliyonyooka ikawa iliyopinda. Kwa macho ni Ng'ambo ileile. Kwa kompyuta ni herufi mbili mbalimbali, kila moja na namba yake, U+0027 na U+2019, na utafutaji unarudi mtupu ilhali mteja yumo. Zigeuze zote kuwa moja kabla ya kuhifadhi. Na namba ya simu ihifadhiwe kama maandishi. Ukiihifadhi kama namba, 0777 inapoteza sifuri yake ya mbele.

Pengo jingine ni hesabu ya kazi inayofanyika. Mtu ana orodha mbili za majina 50,000 na anataka kujua yapi yamo kwenye zote. Kwa Python anaandika "if jina in orodha" ndani ya mzunguko. Mstari mmoja, hauna ubaya kwa macho. Lakini kwa kila jina kompyuta huipitia orodha ya pili tangu mwanzo, na pasipokuwa na yanayofanana ni ulinganisho bilioni 2.5. Akiigeuza orodha ya pili kuwa seti, ambayo kompyuta huliendea jina moja kwa moja bila ya kuyapitia yote, kabla ya kuanza, inakuwa ni kuangalia mara 50,000. Mwenye shahada hilo amefundishwa mwaka wa kwanza au wa pili, na ndilo usaili wa dakika 45 unalolitafuta.

Sasa mwenye shahada. Anaijua seti, anaijua faharasa ya kanzidata (index, inayoharakisha utafutaji), lakini mara nyingi hajawahi kufanya kazi ndani ya msimbo (code) ulioandikwa na watu wengine kumi. Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, anaijua kwa kupakia tu. Matawi mawili, yaani nakala mbili za kazi ileile, yakigongana kwenye faili moja anafuta folda na kuanza upya, na kazi ya mwenzake inapotea. Hajaandika majaribio. Hajawahi kuingia kwenye seva ya Linux kusoma kumbukumbu za makosa. Nywila ya kanzidata anaiacha ndani ya msimbo, anaipandisha GitHub, tovuti ya kuweka msimbo, akigundua anaifuta na kupandisha tena, akidhani yamekwisha. Hayajaisha, kwa sababu historia ya Git inaitunza ile ya mwanzo. La kwanza ni kuibadilisha nywila yenyewe, kusafisha historia kufuate.

Kwa hiyo asiye na chuo namshauri miezi 6, saa 10 kwa wiki. Aanze na CS50, kozi ya utangulizi wa kompyuta ya Harvard, ya bure mtandaoni, na asiziruke wiki za lugha ya C kwa sababu ndizo zinazomwonyesha kumbukumbu ya kompyuta inavyogawiwa. Python na SQL, lugha ya kanzidata, zinakuja baadaye. Kisha miundo ya data: aandike mwenyewe kwa mkono orodha ya viungo, jedwali la hashi na mti wa utafutaji, bila ya kunakili. Kisha kanzidata: ajaze rekodi milioni 1, apime swali kwa amri ya EXPLAIN ANALYZE, inayoonyesha muda uliotumika, kabla na baada ya kuweka faharasa. Mtandao wa Pemba ukikatika, tovuti ya DevDocs, yenye miongozo ya lugha za programu, inakubali kupakuliwa na kusomwa bila ya intaneti.

Mwenye shahada achukue miezi 3 na mradi mmoja ulio hai, wenye watumiaji wa kweli hata wakiwa 20. Duka la vifaa vya ujenzi la Darajani linatosha: bidhaa, mauzo, madeni, ripoti ya siku. Fedha ziwe namba kamili za shilingi, zisiwe za desimali, kwa sababu kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 inatoa 0.30000000000000004 na hesabu ya mwisho wa mwezi haifungi. Aweke nakala rudufu kila usiku, na kila mwezi airejeshe kwenye kompyuta nyingine kuona kama inafunguka. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa msiihesabu.

Kwenye usaili, wote wawili, semeni kwa sauti mnachofikiri. Adabu ya skuli zetu ni kunyamaza mpaka upate jibu. Huku ukinyamaza dakika 10, msaili hana la kuandika juu yako, hata jibu likija sahihi. Jizoezeni kwa Kiingereza, na mtu, kwa simu, mara mbili kwa wiki.

Kutoka: Shangazi wa Kikwajuni, Dubai

Nimesoma yote, Mungu akulipeni kheri. Je, cheti cha AWS, huduma za seva za Amazon, na vinavyofanana navyo vinaweza kushika nafasi ya shahada? Na kwa huku Ghuba mnasemaje?

Kutoka: Mwenzenu wa Makunduchi, Malmö

Shikamoo shangazi. Kwa viza, hapana. Kwa mwajiri, kidogo. Mtihani wa Solutions Architect ngazi ya kati ni dola 150, maswali 65 kwa dakika 130, kufaulu ni 720 kati ya 1,000, na cheti chake kinakwisha baada ya miaka 3. Kinamfaa aliyekwisha kuwa na kazi. Asiye na mradi wa kuonyesha, dola 150 hizo azilipie seva ndogo.

Kutoka: Ami wa Wete, Berlin

La Ghuba nitalijibu mimi, shangazi, kwa sababu linawahusu na wa Ulaya. Shahada hugongwa mihuri kwa mpangilio: Wizara ya Mambo ya Nje ya kwetu, ubalozi wa nchi unayokwenda, kisha wizara ya nje ya huko. Ukiruka mmoja unarudishwa mwanzo. Mwajiri akikuahidi cheo kinachotaka shahada, kazi hii ianze kabla hujasafiri. Ukishatoka utahitaji ndugu wa kukimbilia maofisini kwa niaba yako, na vyeti vya asili vikisafiri kwa boti na ndege.

Kinachochelewesha zaidi ni majina. Cheti cha kidato cha nne kimeandikwa Hamis Ally, cha chuo Khamis Ali, pasipoti ina jina la tatu la babu ambalo vyeti havina. Kwetu sote tunajua ni mtu mmoja. Afisa wa huku anaona watu watatu. Kijana alinganishe cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari, vyeti vya skuli, shahada na pasipoti, herufi kwa herufi, akiwa bado nyumbani. Pasipoti ndiyo nyepesi kuibadilisha, basi ifuate vyeti. Panapobaki tofauti, ale kiapo mbele ya wakili kinachotaja kila namna jina lilivyoandikwa na kwenye karatasi ipi, atoe nakala 3 zilizothibitishwa, na moja aiache kwa mama.